Kikasha Kifuani mwa Bibi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila Bibi amesusa chai ya Mama. Wiki hii ameshikwa na kizunguzungu mara tatu, na ananinong'oneza, "Huyu mkwe ananitilia kitu."

Mimi nashuku zawadi yako. Kikasha cha zile spika za masikioni Bibi hukificha ndani ya sidiria, juu kabisa ya kile kifaa cha moyo alichopandikizwa. Kijitabu kilichokuja nazo kinasema kikasha kina sumaku, kisikaribie kifaa kama hicho. Nilipomsomea alicheka: "Mama yako kakutuma, eh?"

Tafadhali mpigie leo. Mwambie akiweke mkobani, kisha aende kliniki akapimwe. Katika familia nzima ni wewe tu ambaye bado hajakushuku.

Mwanao,
mpelelezi wa Mama, kama Bibi anavyoniita