Yule Mama Uliyeniomba Nimtafute

Dada yangu mpenzi,

Sasa hivi tu mwanangu ametambaa chini ya meza yangu ya kazi, akachomoa waya wa kompyuta, skrini ikazima, naye akajipigia makofi kama mtu aliyefanya jambo la maana. Nimemkemea kwa macho, akanionyesha meno yake mawili. Basi nimempa kisanduku kitupu akipigepige, ndipo nikapata nafasi ya kukuandikia. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje, na shemeji kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, na mwanao huyu anakula kama mchimba mitaro. Hayo mate kwenye kona ya karatasi ndiyo salamu zake kwa mama mkubwa.

Barua hii atakuletea dereva wetu, anapita kwenu na mizigo alasiri hii. Kwenye simu ningesikia sauti yako nikaghairi.

Kazi ni nzuri, dada, nisikufuru. Nilianza kwa kufunga zile kengele kwenye visanduku, zile unazozibana kwenye nepi ya mtoto, akiacha kupumua zinalia. Sasa nina meza yangu. Mimi niliyeishia shule ya msingi, leo natuma barua pepe kwa akina mama elfu nane! Bosi tunamwita Mzee wa Asilimia, maana hata ukimuuliza kama ameshiba atakujibu asilimia sabini. Haamini mdomo wa mtu. Akitaka kujua maneno gani yanauza, anaandika barua mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa kimoja, labda kichwa cha juu tu. Ya kwanza inakwenda kwa akina mama mia tano, ya pili kwa mia tano wengine, kompyuta inawaokota bila kuchagua. Tunasubiri masaa manne. Iliyofunguliwa na wengi ndiyo inayokwenda kwa wote waliobaki. Ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo anafoka, anasema hutajua kipi kimefanya kazi, na hapo hupimi tena, unapiga ramli.

Mwezi uliopita kichwa cha kwanza kilisema "Mlinde mwanao anapolala". Cha pili kilisema "Nilimgusa, alikuwa wa baridi". Cha kwanza walikifungua kumi na mmoja katika kila mia. Cha pili, arobaini na watatu. Ndiyo hiyo iliyokufikia, kwa sababu jina lako nililiandikisha mimi ulipokuwa na mimba ya miezi minane, upate kengele ya bure. Nayo ilikufikia wiki moja baada ya mazishi ya mtoto wako.

Ukanipigia simu unalia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo. Ulisema kumbe yupo mama mwingine aliyepitia yaleyale, chupa mkononi, dirisha wazi, soksi moja imechomoka mguuni. Ulisema ulikuwa unadhani ni uzembe wako peke yako duniani. Ukaniomba nikutafutie anwani yake muandikiane. Umeniuliza mara tatu, na mara zote nimekujibu bado natafuta.

Hayupo, dada. Mama huyo ni mimi.

Siku ile Mzee wa Asilimia alikuwa amekasirika, anasema barua zetu zimekauka kama makombo ya jana. Akauliza kama kuna yeyote pale ndani aliyefiwa na mtoto. Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe. Nikasikia sauti inasema ndiyo, mtoto wangu wa kwanza, na sauti ilikuwa yangu. Akanivutia kiti. Nikamsimulia yote uliyonisimulia ukiwa umekaa kwenye sakafu ya jikoni, hata ile soksi sikuibakiza, na yeye akaandika. Mimi mama mdogo wake nikajifanya mzazi. Wiki iliyofuata nikapewa meza. Mtunza stoo akanitania kwamba nikifiwa tena nitapewa gari, nami nikacheka, dada. Nilicheka na wenzangu.

Ningeishia hapo ningekuficha hadi kaburini. Lakini juzi bosi ameniambia tupime tena, barua ileile, safari hii na jina langu chini, moja bila picha na nyingine na picha ya marehemu. Akasema nikileta picha atanipa ajira ya kudumu, na mwanangu atatibiwa bure. Nilikuwa nayo ile uliyonipa nikutunzie, kwa kuwa hukuweza kukaa nayo nyumbani. Nimewapa.

Wewe hukuokotwa kwenye majaribio ya leo, nimeangalia. Umo kwenye waliobaki. Kukutoa siwezi, orodha anaishika yeye, na angeuliza kwa nini. Picha ikishinda kitabonyezwa kitufe, kompyuta itaisubirisha hadi jioni, na saa moja itakuwa kwenye simu yako, uso wake na jina langu chini. Asubuhi niliomba ishindwe. Nimechungulia namba sasa hivi, nikaona inaongoza, na moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijakumbuka ni picha ya nani.

Mpe shemeji simu yako aizime hadi kesho, aifute barua hiyo kabla hujaiona. Ukiamua kunitukana nitukane, ila usiache kuniandikia, maana mtoto huyu hana mama mkubwa mwingine. Nakuahidi nikishapata ajira nitakuleta huku ukae nasi, chumba kipo, tutaanza upya. Msalimie shemeji, wasalimie majirani, na wewe mwenyewe pokea

Wananiita. Mzee wa Asilimia anapaza sauti kwamba picha imeshinda kwa mbali, nije na mtoto, wote wamesimama kunisubiri, kitufe lazima akibonyeze mama mwenyewe. Dereva naye anaidai barua. Dada, bado naweza kukataa, nikifika pale mbele yao nikawaambia kwamba