Kinachoota Ndani ya Maziwa

Jumatatu, 3 Machi 2003
Asubuhi maziwa, kikombe kizima. Mabichi, bado yana joto la kiwele. Mama mkwe hayachemshi. Anaamini ukiyachemsha, ng'ombe atakauka maziwa. Juzi ng'ombe huyohuyo alitupa mimba. Mimi ninayo ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Bwana mifugo ameniomba nitafsiri kikao cha Ijumaa hapa Endasak. Nimekubali haraka. Nyumbani mkamwana hamfundishi mama mkwe. Kikaoni nitakuwa mdomo wa serikali.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana mifugo alisema chemsheni maziwa, yana vijidudu. Neno limetoka kwa mdudu, wakampunguza mpaka haonekani. Kwa Kiiraqw nikasema wadudu wadogo sana, nikaona nimemaliza kazi. Wazee wakaitikia. Mama mkwe alisikiliza kuliko wote.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuchemsha. Amechuja. Kwa kitambaa, halafu kwa kanga mpya. Akanionyesha kanga juani: safi, hakuna mdudu. Akanipa kikombe kwa furaha. Ningekataaje? Nimekunywa. Nimejikasirikia mno.

Jumapili, 9 Machi
Kiuno kinauma. Nimekaa ibada nzima.

Jumanne, 11 Machi
Kamusi ya shuleni ina neno lingine: vimelea. Limetoka kwenye kumea. Kitu kinachoota juu ya kingine na kukila. Hicho mkulima anakijua.

Jioni tulikuwa tunachagua maharage ya mbegu. Nimeshindwa kunyamaza. Nikamwambia mama mkwe, nisamehe, nilitafsiri vibaya. Si wadudu. Ni kama mbegu, ndogo hata jicho haliioni, inaota ndani ya mtu. Haichujiki. Aliendelea kuchagua mpaka giza likaingia. Nilijua nimevuka mpaka.

Jumatano, 12 Machi
Sufuria jikoni, maziwa yanachemka. Amesema bila kuniangalia, "Maharage ukishayachemsha hayaoti." Basi. Alipoepua tu alitoka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Jumapili, 16 Machi
Kiuno kimetulia. Mtoto anacheza.

Anachemsha kikombe kimoja tu, changu. Chake anakunywa kibichi. Leo nimemsihi. Akasema yeye ameshazeeka, ndani yake hakuna kitakachoota tena. Alisema hivyo huku anafuta meza. Hakuwa na huzuni. Mimi ndiye niliyekuwa nayo.