Mbwa wa Baba Mkwe Hasikii Tena Mluzi Wangu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku atakayokuja mtu wa ghala kumchukua mbwa wa baba mkwe wangu, na huyo mbwa akitoka kwenye geti letu nina hakika baba mkwe naye atatoka nyuma yake, ila yeye atatoka amebebwa. Nisamehe kwa kuanza vibaya, nimechoka kuzunguka.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, nafanyia kazi nyumbani, cherehani iko sebuleni karibu na dirisha, na mume wangu ni fundi wa friji, anaondoka asubuhi anarudi jioni, kwa hiyo anayeshinda na baba yake ni mimi. Baba mkwe alikuwa seremala, mtu wa maneno makali na mikono mikubwa, na alikuwa akijisifu kwamba maisha yake yote hajawahi kumfunga mbwa kamba. Mbwa wake ni dume, mkubwa, rangi ya majivu, tunamwita Meneja kwa sababu kila gari linaloegeshwa mtaani lazima alikague na kulitia saini kwenye tairi. Hajahasiwa. Daktari wa mifugo alishashauri ahasiwe, mzee akamjibu, "Huyu si ng'ombe wa kukokota jembe, ahasiwe kwa kosa gani?" na mjadala ukafungwa hapo. Walikuwa wakitoka kila alfajiri, mzee na fulana yake ya kazi, Meneja yuko huru, akienda mbali mzee anatia vidole viwili mdomoni, anapiga mluzi mmoja tu, na mbwa anarudi mbio hata kama alikuwa ameona paka.

Mwaka jana mzee akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakabaki machache, na hayo machache yanatoka kwa jasho. Akawa anashinda kitandani anatazama ukuta, hataki uji, hataki redio, mume wangu akimwambia "baba, jikaze" anageuza uso. Aliyemtoa kitandani si sisi wala si dada wa hospitali aliyekuja kumfanyisha mazoezi, ni Meneja, aliyeingia chumbani akavuta shuka mpaka likaanguka sakafuni, na mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaomba fimbo. Nilikwenda jikoni nikalia, mshauri, nikamshukuru Mungu.

Lakini tazama shida ilivyo. Mkono mzima unashika fimbo, mkono mwingine haushiki kitu, kamba ya mbwa angeishika na nini? Na mdomo wake hautoi tena mluzi, unatoa pumzi tu. Siku ya kwanza nilimchungulia kutoka getini, Meneja ameshafika kona, mzee ameibana fimbo kwapani, ametia vidole vya mkono mzima mdomoni anapuliza, hewa tupu, mate yanamchuruzika hadi kifuani, nikaona mabega yake yanavyoshuka, basi sijui nilipatwa na nini, nikajibanza nyuma ya ukuta, nikatia vidole vyangu mdomoni, nikapiga mluzi kama ule wake, maana mimi nimelelewa na kaka watupu, miluzi naijua. Mbwa akarudi mbio. Mzee akavitazama vidole vyake, akanyooka, akaendelea na safari.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tangu siku hiyo kila alfajiri nikawa nawafuata kwa mbali, najificha nyuma ya tenki la maji, nyuma ya ukuta wa gereji, nyuma ya magari, mwanamke mzima na mtandio kichwani, mzee akipuliza mimi napiga. Akaanza kula vizuri. Akaanza hata kunitania kwa maneno yake mawili mawili, "Mkwe, chai baridi," na mimi najifanya nimeudhika. Kumbe jirani yetu mwenye duka la vipuri ananiona, akaenda kumwambia mume wangu kwamba mkeo kila kukicha anampigia mluzi mwanamume nyuma ya gereji. Ilikuwa vita ndani ya nyumba mpaka nikamweleza ukweli, akacheka hadi akakaa chini, akasema, "Endelea tu, mradi mzee anakula." Wifi yangu, ambaye anatutawala kwa simu kutoka mbali, naye akasema endelea. Kwa hiyo tulijua sote isipokuwa mwenye mbwa.

Sasa mzee, kwa kuona mbwa wake bado anamtii, akazidi kujiamini, akawa anapita gereji, anashuka mpaka barabara kubwa yanakopita malori, Meneja hana kamba wala mnyororo. Mimi nikaendelea kuwafuata, maana ningemzuia ningemwambia nini?

Wiki iliyopita mbwa jike wa mlinzi wa gereji akawa kwenye joto, yaani anatafuta dume, na madume wa mtaa mzima walikuwa wamemfuata wakajazana ng'ambo ya barabara wakinguruma. Niliwaona nikiwa bado mbali, mshauri, niliwaona, nikasema moyoni mluzi upo. Meneja akainua pua. Mzee akapuliza. Nikapiga. Hakugeuka. Nikapiga tena, na tena, midomo ikafa ganzi, na mbwa anakwenda tu kana kwamba mimi sikuzaliwa, akaingia barabarani, lori likafunga breki, na mzee, mshauri wangu, mzee akamfuata. Na fimbo yake ile. Pikipiki ikamkwepa, mwenye pikipiki akaanguka akavunjika mkono, mzee akaporomoka akakaa katikati ya lami, hana jeraha, anapuliza vidole. Nikatoka mafichoni nakimbia, vidole vyangu bado viko mdomoni, na akaniona. Alivitazama vidole vyangu, akavitazama vyake, akavishusha. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona.

Tangu hapo hajainuka. Amegeukia ukuta, nikimletea kijiko anafumba mdomo, anakunywa maji tu, tena kwa mume wangu, si kwangu. Meneja alirudi baadaye akichechemea, sikio limechanika, bega limetafunwa na madume wenzake, amelala mlangoni kwa mzee na mzee hamwangalii. Jirani wa vipuri amesema akimwona tena barabarani atamtegea sumu, na yule hana utani. Mume wangu amesema sasa basi, mtu wa ghala aje amchukue, akafungwe mnyororo alinde magunia. Wifi anasema tumpeleke akahasiwe kimyakimya, "Mzee atajuaje, si hatoki kitandani?" Na mimi nikikaa kwenye cherehani mguu haukanyagi. Sindano inanitazama tu. Nilitaka kumpa mzee furaha, nimemvunjia heshima yake mbele ya macho yake mwenyewe, naona ninamzika taratibu kwa mikono yangu. Nimtoe mbwa? Nimhasi kwa siri? Au nikae kimya mpaka mzee asahau? Nijibu, tafadhali, hata kwa matusi.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Mluzi

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Mluzi, pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa. Matusi sina, ila ya kukukaripia ninayo, na uyapokee kwa sababu umeyaomba.

Kwanza habari ya mbwa, maana huyo ndiye anayeweza kufa wiki hii. Nimemuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini, akanijibu kwa kicheko kisicho na furaha. Sikio la kufa halisikii dawa, na dume asiyehasiwa akinusa jike aliye kwenye joto hasikii mluzi, wala wa kwako, wala wa mzee enzi zake. Kwa hiyo ondoa kichwani mwako kwamba ulipiga vibaya. Hukupiga vibaya. Ulimwamini mbwa mahali ambapo hata aliyemfuga hakupaswa kumwamini. Mzee alikuwa na bahati miaka yote ile, akaiita utiifu.

Sasa sikiliza. Meneja apelekwe kwa daktari leo, hilo bega likivunda utakuwa na wagonjwa wawili. Aulizwe pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana amepigana na madume usiowajua. Akipona, hatoki getini bila kamba. Si kamba ya kufungia magunia. Mkanda mpana wa kifuani na kamba imara, na kamba unaishika wewe. Usithubutu kumfunga mzee kamba hiyo kiunoni kama nilivyosikia watu wakifanya, mbwa wa ukubwa huo atamburuta. Yeye ashike fimbo yake, wewe ushike mbwa, mwende pamoja. Kamuulize mlinzi wa gereji jike wake anamaliza lini. Daktari anasema huchukua kama wiki tatu, na hurudi tena baada ya miezi. Wakati huo njia ya gereji haipo kwenu, pitieni upande mwingine. Mkitaka akimbie, tafuteni uwanja wenye ukuta na geti, muombe anayeulinda, fungeni geti ndipo mumfungulie. Kwa jirani wa vipuri nenda wewe na mumeo, mchana, mkamwonyeshe kamba, mumwombe radhi. Na kwa mwenye pikipiki je? Barua nzima umemtaja mara moja. Yule amevunjika mkono kwa ajili ya nyumba yenu, nendeni mkamwone.

Kuhusu kumhasi: mimi ningemhasi. Nasema wazi. Kungempunguzia kutangatanga na kuumwa na wenzake, ingawa siyo siku ile ile, huchukua wiki kadhaa na kamba inabaki pale pale. Lakini kimyakimya? Wifi yako ana akili ya simu: anaongea, halafu anakata. Huyo mzee ameshavuliwa mkono, mdomo na mluzi bila kuulizwa. Mkimvua na hili kwa siri, mimi simo.

Haya, sasa wewe. Mwanangu, siku ya kwanza ile uliyojibanza ukutani ilikuwa huruma, na mtu asikudanganye vinginevyo. Siku zilizofuata ilikuwa woga. Ulikuwa unaogopa kuona mabega yake yakishuka tena, ukaona afadhali yeye atembee gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyie mlificha nyumba nzima, mkacheka juu yake. Unafikiri kilichomlaza ni kujua kwamba hawezi kupiga mluzi? Hilo alilijua. Mtu anajua mdomo wake mwenyewe. Kilichomlaza ni kugundua kwamba alikuwa anatazamwa kila alfajiri, na nyumba inajua, na dukani wanajua, na yeye anavitazama vidole vyake kwa shukrani kama mtoto. Hiyo ni aibu, binti yangu, na aibu ya mtu mzima haiondoki kwa uji.

Hali ni mbaya, sikufichi. Mzee wa kiharusi asiyekula si jambo la gazetini. Mwiteni daktari wa binadamu leo hii, msingoje Jumamosi. Na sikuahidi kwamba atainuka. Huenda akabaki amegeukia ukuta mpaka mwisho na wewe ukabaki na hilo. Lakini usiniambie mmeshajaribu kila kitu, kwa sababu kuna moja hamjalifanya.

Mumeo ampigie mtu wa ghala sasa hivi amwambie asije. Mbwa si wa mumeo, si wa wifi yako, si wako. Mko watatu mnabishana kumkata, kumfunga na kumtoa mbwa wa mtu aliyelala chumba cha pili, na hakuna hata mmoja aliyeingia kumuuliza. Mzee hajafa, acheni kugawa mali yake.

Kwa hiyo ondoka kwenye hiyo cherehani. Ingia chumbani, kaa upande ule anaoutazama hata kama ni wa ukutani, sogeza kitanda ikibidi. Mwambie, "Baba, nilikosea, nisamehe," usiongeze sababu. Mweleze daktari wa mifugo anasema nini, mweleze jirani anasema nini, mweleze na Jumamosi kulikuwa kumepangwa nini. Halafu muulize, "Baba, mbwa wako tumfanyeje?" na unyamaze. Usimmalizie neno. Usimkisie. Hata kama jibu lake litachukua asubuhi nzima kutoka, na hata kama litakuwa ni kukwambia utoke, wewe lisubiri.