Mama Eliza, Haikuwa Ngiri

Mke wangu Mama Eliza,

Naanza na habari za nyumbani, maana ndizo ungeuliza kwanza. Eliza yuko kidato cha pili, amenipita urefu na anajua. Joeli bado anakataa mlenda. Kijiwe changu cha kutengeneza baiskeli kipo palepale karibu na stesheni ya Kimamba, ila siku hizi natengeneza bodaboda zaidi. Mama yangu mzima, na mdomo wake mzima pia.

Sasa habari yenyewe. Nimekwenda Morogoro kwa daktari kuuliza kama kile nilichofanyiwa kinaweza kurudishwa. Ndiyo, kilekile. Nifunguliwe mirija niliyofungwa nisizalishe tena.

Unakumbuka ilivyoanza. Joeli alipozaliwa ulitokwa na damu nyingi mpaka nesi akawa ananikwepa macho. Daktari akatuambia kwa presha ile yako, mimba nyingine tusithubutu. Sindano zilikukataa, vidonge vikakukataa. Nikasema basi, nikatwe mimi. Ulinitazama muda mrefu, kisha ukasema, "Baba Eliza, una homa?"

Ushujaa wangu ulidumu asubuhi moja. Nilirudi kutoka hospitali kwenye bodaboda nimekaa upandeupande, na jirani wa kwanza kuniuliza nimepatwa na nini nilimjibu ngiri. Nimepasuliwa ngiri. Kufika jioni Kimamba nzima inajua, na watu wakaanza kuja kunipa pole na mayai. Wewe ulikuwa unayapokea mlangoni, unashukuru kwa adabu zote, ukiingia ndani unaziba mdomo kwa kanga. "Ngiri hii inataga kuliko kuku wa mama," ulisema. Nilicheka mpaka nikaumia mshono.

Uongo ungeishia pale, nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini Joeli alipofika miaka minne mama akaanza. Mara mbona mmenyamaza, mara huyu mwanamke amefunga kizazi bila kukwambia, mara kuna binti wa watu Kilangali, mtulivu. Nikakuambia nitamweleza ukweli. Ulikuwa unamenya mihogo, hata hukuinua kichwa. "Acha waseme mimi. Wewe wakijua hutakaa hapo kijiweni kwa amani. Mimi nimeshazoea."

Nikaacha. Tena niliacha harakaharaka, kabla hujabadili mawazo. Hilo linanichoma kuliko ngiri ya uongo. Wewe ulisema neno la siku moja, mimi nikalifanya la maisha yako yote.

Siku ya msiba wako, mtani wako Bi Tatu alikuja kama watani wanavyokuja msibani. Alivaa gauni lako la kwaya, akajifunga kitenge, akatembea uwanjani ule mwendo wako wa haraka huku anapaza sauti: "Mimi Mama Eliza! Duka nimefunga, ufunguo nimetupa mto Mkondoa! Wajukuu wengine mtajiju!" Watu wakacheka katikati ya kilio. Mama naye akacheka. Simlaumu Bi Tatu hata kidogo. Mtani humwigiza marehemu kama watu wanavyomjua, na mimi ndiye niliyewaacha wakujue hivyo. Nilikaa mkekani nikitazama vidole vyangu vya miguu. Eliza alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

Sasa nina mtu. Usinikunjie uso, nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Anaitwa Zawadi, anauza vitenge Mikumi, kibanda chake kiko kando ya barabara kuu. Ni mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Hana mtoto na anamtaka, amenieleza wazi. Mama alishamwahi: "Mwanangu hana kasoro, aliyefunga ni marehemu." Zawadi akaamini. Nami nilikuwepo, nikanywa chai.

Daktari alihesabu miaka akatikisa kichwa. Alisema mirija inaweza kuunganishwa, ila miaka ikishapita mingi hakuna wa kuahidi kitu. Akaniambia nije na mwenzangu, habari hii haisikilizwi na mtu mmoja. Na mimi, Mungu anisamehe, ndani ya basi la kwenda Mikumi nilishaanza kutunga ngiri ya pili. Safari hii ya upande wa kushoto.

Nilimkuta anakunja vitenge. Sijui nini kilinipata, nikamweleza yote nimesimama, hata kiti sijakaribishwa. Akaacha kukunja.

"Na mama watoto akasemwa miaka yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Mpaka kwenye msiba wake?"

"Mpaka kwenye msiba."

"Basi nenda kawaambie kwenu kwanza. Mimi siingii nyumba ambayo mke anabebeshwa ya mumewe. Kesho si nitabebeshwa mimi?"

Nilirudi Kimamba, nikamkuta mama anachambua choroko, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikasema yote. Alichambua zile choroko mpaka zikaisha. Halafu akalia, Mama Eliza. Alilia kwa sauti, akikuita mkwe wangu, neno ambalo ulipokuwa hai hakulitumia mara nyingi. Alipojifuta akasema, "Jumamosi tunasimika msalaba wake. Mwite Bi Tatu."

Bi Tatu akaja na ovaroli yangu ya kijiweni, ile yenye grisi. Sijui nani alimpa, ila namshuku Eliza. Akaivaa, akapita katikati ya watu miguu imetanuka hivi, mkono kwenye nyonga: "Jamani ngiri! Jamani nakufa! Nileteeni mayai!" Kisha akasimama mbele ya msalaba wako, akavua kofia, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mtani wangu, nilikusingizia. Aliyefunga duka ni huyu hapa." Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka kuangalia milima. Eliza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja akaniegemea begani. Sijawahi kuchekwa hivyo. Niliona aibu, na nilipumua.

Nimekukumbuka sana siku ile. Wewe ndiye ungecheka kuliko wote.

Tarehe ya daktari ni mwezi ujao, na Zawadi anakwenda na mimi. Yawezekana isifunguke. Amesema ikikataa tutakaa tuzungumze, na hakuna atakayesingiziwa. Nimetosheka na hilo.

Vijana wa kijiweni wameshaanza kuniita Mzee Mayai. Ulisema kweli, amani sina tena pale. Lakini nikirudi safari hii nimekaa upandeupande kwenye bodaboda, na jirani akiniuliza natoka wapi, nitamwambia natoka wapi.

Pumzika, mama. Mzigo wako nimeubeba, ulikuwa wangu.

Mumeo,
Baba Eliza