Prosesa haivai koti

Mwantum pokea simu. Haya basi nakuandikia.

Nimeunguza kompyuta ya mkuu wa shule. NIMEIUNGUZA.

Si unalijua vumbi la Kongwa? Nikaifungua niisafishe, nikatoa kile chuma chenye meno kinachokaa juu ya prosesa, nikakiosha, nikakianika. Halafu nikaona uvivu kusubiri kikauke. Nikasema mwezi wa saba huu, tunashinda na makoti, dirisha liko wazi, upepo unapuliza mpaka meno yanagongana. Chuma cha kupozea cha nini tena?

Nikawasha. Sekunde chache, ikazima. Nikawasha tena. Ikazima. Mara ya tatu ikatoa harufu, na ndiyo basi.

Nikakimbilia kwa fundi Kefa, nikamweleza habari ya baridi. Akaniangalia weee, akasema, "Madam, baridi unaisikia wewe. Prosesa haivai koti."

Haivai koti, Mwantum!! Na mimi ndiye mwalimu wa kompyuta!

Sasa subiri. Asubuhi, kabla sijawasha hiyo ya mkuu, nilimwambia Mwalimu Denis asafishe za maabara hivyo hivyo. Nikamwambia asisubiri vyuma vikauke, baridi inatosha. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa!

Nampigia tangu saa nne, hapatikani.

Mungu wangu. Ujumbe wake umeingia sasa hivi:

"Shikamoo madam, nimemaliza. Nimeziwasha zote nane kwa pamoja. Ila kuna kaharufu, ni kawaida?"