Nikamwita

Nyakakika, 6 Machi 1911

Kaka Hatibu,

Shikamoo. Hamjambo huko bomani? Sisi hatujambo kwa mdomo tu. Mwanangu Gharib amefungwa. Mchukuzi wake, Rwegasha, alizama mtoni, na baraza la mtawala pale Kimuli linasema Gharib kamuua. Wazee walimwuliza ilikuwaje, akajibu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Nilimwona anazama, nikamwita." Basi, wakasema amekiri! Wewe unajua kwa Kinyambo, lugha ya wazee hao, kuita ni kuua. Nawe ndiwe mkalimani wa Bwana Mkubwa wa Kidachi. Mweleze, kaka, neno moja tu.

Mdogo wako, Mwaja

Bomani, 15 Machi 1911

Mdogo wangu Mwaja,

Marahaba. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua. Bwana huyu ni mpya, Kiswahili hakijui, na mfungwa hamwiti mbele yake. Husomewa maneno ya baraza tu. Hukumu ni ya mtawala, boma linaikubali. Nenda kwake aifute. Mimi mdomo wa watu, sina kauli.

Kaka yako, Hatibu

Nyakakika, 24 Machi 1911

Kaka,

Shikamoo. Kifua je? Nimekwenda Kimuli kwa miguu. Mtawala kanipokea vizuri, hata mkungu wa ndizi kanipa. Anasema tangu Wadachi waje, kuua mtu si kazi yake. Yeye kasema alichosikia, anayenyonga ni boma. Nyinyi mwasema ni yeye, yeye asema ni nyinyi, na kamba iko kwenu. Sema, Hatibu!

Mdogo wako, Mwaja

Bomani, 2 Aprili 1911

Mdogo wangu,

Pole sana. Bwana aliniuliza, "Alisema nikamwita?" Nikasema ndiyo. "Na kwa lugha ya wazee maana yake nini?" Nikamwambia. Hakuuliza zaidi, na mbele yake mtu hasemi asichoulizwa. Nina watoto, Mwaja. Alhamisi wamemaliza. Nimesimamia mwenyewe akaoshwa na kuzikwa Kiislamu. Sikuhukumu mimi.

Kaka yako, Hatibu

Nyakakika, 11 Aprili 1911

Hatibu,

Hali yako siiulizi. Mtawala kaniletea mbuzi wa pole, nimemrudisha. Yeye kasikia tu, Bwana wako kakubali tu, wewe umejibu tu. Mwanangu kafa na hakuna aliyemuua.

Bado waniandikia "mdogo wangu". Usiniite tena. Kwa Kinyambo umekwisha kuniita.

Mama Gharib