Nywele za Matanga na Vumbi la Mvinje

Jumatatu, 8 Oktoba 1956

Nimetundika shuka mbichi madirishani tena, zizuie vumbi. Kabla ya saa nne zimekauka. Nimezilowesha upya. Mlango haufunguliwi ovyo, hewa haipiti, asidi ya Profesa, Mzungu ninayemfanyia kazi, inanuka siki kali. Joto la kabla ya mvua, na mimi nimo humu maabarani kama muhogo chunguni.

Kazi ni ileile. Matope meusi tuliyotoboa kinamasini, upande wa Nzilo, nayachemsha mpaka yabaki mavumbi ya maua ya zamani, chavua. Naiweka kwenye vioo, Profesa anaisoma kwa hadubini. Anataka kujua hapa Kolwezi paliota miti gani kabla watu hawajaanza kuyeyusha shaba. Kazi hiyohiyo ameifanya kaskazini ya mbali, kwenye nchi za barafu. Anasema chavua ikilala matopeni haiozi.

Ninayeoza ni mimi.

Jumanne, 9 Oktoba

Nyumba kimya. Anna yuko Kasaji na mtoto tangu baba yake azikwe. Matanga yataondolewa Jumamosi ya tarehe 20. Mpaka siku hiyo hakuna wa ukoo wala mkwe anayegusa wembe. Mama mkwe mwenyewe ndiye atakayetunyoa, mmoja baada ya mwingine, na baada ya hapo tu ndipo nitaruhusiwa kumchukua mke wangu. Samuel, kaka yake, anangoja nikosee. Kwake mimi ni mtu wa Kasai, mtoto wa kambi ya kampuni, sina adabu.

Nywele zimekuwa kichaka. Zinawasha mno. Nazivumilia kwa furaha.

Alhamisi, 11 Oktoba

Balaa. Profesa ameona chavua ngeni kwenye matope ya chini kabisa. Duara, vitobo vitatu. Anasema ni mvinje. Mivinje yote ya Kolwezi imepandwa na Wazungu juzijuzi tu, imejipanga barabara nzima ya kambi yetu. Haiwezi kuwa kwenye matope ya zamani hivyo. Maana yake vumbi limeingia kutoka nje.

Tulikuwa wawili chumbani. Yeye ana upara. Aliniangalia kichwani muda mrefu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Amesema ninyoe.

Nimemweleza. Matanga, baba mkwe, mke wangu. Nilitumia Kifaransa changu chote. Nikasema nitafunga kitambaa. Akakataa, eti kitambaa nacho kinashika vumbi. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chao kile cha kuamuru:

“Nywele tu. Itarudi.”

Mpaka Jumatatu, la sivyo atatafuta mwingine. Hakukasirika hata kidogo. Angekasirika ningejua pa kushika.

Nisiponyoa, kazi imekwenda na nyumba imekwenda nayo, maana nyumba ni ya kampuni. Anna nitamrudisha wapi? Na karatasi ya ruhusa ya safari anaitia saini yeye huyohuyo. Nikinyoa, nitakwenda Kasaji na uso gani? Nimezunguka meza mpaka nimechoka. Hakuna mlango.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimenyoa. Mwenyewe, nyuma ya nyumba, wakati watu wako misani. Mama Odile, jirani, hakwenda misa. Aliniona, akaziba mdomo kwa mkono, akaingia ndani.

Nywele nimezifukia.

Nimelia. Marehemu alinipokea siku wanawe wote walipogeuza viti kunipa mgongo. Aliniita mwanangu mbele yao. Heshima ya mwisho niliyomwekea ilikuwa kichwani, na nimeikata kwa ajili ya vioo.

Jumatano, 17 Oktoba

Matope mapya, vioo vipya, kichwa kitupu kama yai. Vitobo vitatu bado vimo.

Asubuhi yote Profesa alirudia kuvitazama. Mchana akachukua kile chuma cha kutobolea, akachokoa bawaba yake kwa sindano. Kikatoka kipande cha tope kikavu, cha kahawia, si cha huku. Akakiweka chini ya hadubini. Akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

Si mvinje. Ni mti wa kwao kaskazini, wenye gome jeupe, anauita bulo. Chavua yake na ya mvinje zinafanana kama pacha. Alikuja nayo mwenyewe kutoka barafuni, ndani ya chuma chake.

Akanivuta nitazame. Nikatazama. Ni nzuri, kusema kweli.

Ametia saini ruhusa yangu papo hapo, kwa furaha. Kichwa changu hakukitazama. Nilimchukia mno. Nikaosha vioo.

Jumamosi, 20 Oktoba. Kasaji

Nilivaa kofia tangu kwenye treni. Uani nikaivua, hakuna anayekaa na kofia kwenye matanga. Watu wakageuka. Anna alinitazama, kisha akatazama chini.

Samuel alisema kwa sauti, wote wasikie:

“Uyu alishaka maliza kilio yake kwa Bazungu.”

Tukakaa mstari mmoja. Mama mkwe akapita na wembe na bakuli la maji. Kichwa kwa kichwa. Aliponifikia alisimama. Nikainamisha kichwa. Akapita, akamnyoa aliye nyuma yangu.

Nilitaka ardhi ipasuke.

Alipomaliza alikaa, akanipa ubavu kama mama mkwe anavyopaswa, akasema na Anna:

“Umuambie, nywele inameaka. Ikimea, arudie, mi njo nitamukata. We na mutoto mutabakia na mi.”

Samuel alitaka kuongeza. Mama alimnyamazisha kwa mkono.

Anna alinisindikiza mpaka njia ya stesheni. Alipitisha mkono kichwani mwangu mara moja, akarudi.

Jumatatu, 29 Oktoba

Tumetoboa upya. Chuma kimeoshwa, kimechemshwa, bawaba imesuguliwa kwa brashi. Shuka mbichi madirishani.

Profesa ameona nywele zinachomoza. Nilikaa tayari. Safari hii ningekataa, na nyumba waichukue. Akatoka, akarudi na kofia ya mpira ya mke wake, nyekundu, ya kuogelea.

“Vaa hii.”

Basi. Kofia ilikuwepo nyumbani kwake siku zote.

Nimeivaa. Inabana, jasho linaingia masikioni. Nimefanya kazi mpaka jioni.

Wembe wangu nimempa Mama Odile auweke kwake, nisiuguse tena. Sufuria za Anna bado zimefunikwa kifudifudi mezani, sikuzigusa. Nimekaa mlangoni, nimepitisha kiganja kichwani.

Nywele zimeanza kuchoma kiganja.